Ua la Kiti cha Nyuma

Chanji, Sumbawanga
25 Januari

Dada yangu Mariana,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Najua ukiuona mwandiko huu unaweza usiitikie, na sitakulaumu, lakini marehemu mama alitufundisha kwamba salamu haikatwi hata watu wakikatana. Mgongo unaendeleaje? Nasikia mvua huko Mwimbi hazijakoma, mahindi yamefika kiunoni na palizi umeifanya peke yako. Pole sana dada. Mwaka jana muda kama huu Lydia wako alikuwa na wewe kwenye matuta.

Sisi huku wazima, tunakula na tunatembea. Bega langu limepona, imebaki alama nyeusi kutoka hapa begani kushuka mpaka nyongani, pale mkanda wa gari uliponishika. Kila nikioga naiona. Hiyo alama ndiyo imenishikisha kalamu, na nitafika huko, ila nivumilie, maana mimi la saba langu ni la zamani na maneno yanakuja kwa zamu.

Nisamehe, siwezi kuandika barua nisimtaje mwanangu Yusto. Wewe mwenyewe ulikuwa unanitania kwamba mdomo wangu umezaa jina moja tu. Lakini dada, nani katika ukoo wetu alishawahi kupelekwa Mbeya majuma matatu kusomea udereva wa kujihami? Walikuwa madereva kumi na wanane, akawa wa pili, na yule wa kwanza ana miaka ishirini kwenye usukani, kwa hiyo mimi kwa hesabu yangu wa kwanza ni Yusto. Cheti nilikitundika sebuleni juu ya picha ya Mama Maria, Padri akasema ningekiweka chini kidogo. Nikakishusha, kidole kimoja.

Aliporudi alitufundisha wote. Alisema gari lililo mbele likipita mti fulani, uhesabu mpaka tatu kabla wewe hujaufikia, na kukiwa na ukungu uhesabu mpaka sita. Alisema barabara si shamba la baba yako, hata mjinga mpishe, kesho utamkuta mbele. Alisema ng'ombe yeyote unayemwona pembeni, jua moyoni kwamba ataingia. Mimi maneno hayo nilikuwa nayasema kwenye jumuiya kama vile Mbeya nilikwenda mimi, mpaka Fransiska jirani yangu akaniuliza leseni yangu ni ya daraja gani.

Basi ndipo aliponunua lile gari. Lilishatumika, lakini lilikuwa zima, lina breki zisizoburuza tairi kwenye utelezi, na lina maputo yaliyofichwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi, gari likigonga yanafumuka yanakupokea kifua. Siku ya kwanza nilizunguka nalo Chanji na Milanzi nikipungia watu ambao hata hatusalimiani. Na unanijua dada, kitu changu hakikai uchi. Nyumba yangu nzima makochi yana vitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa gesi una kitambaa. Nikanunua uzi mweupe na wa bluu, nikafuma tangu Oktoba mpaka mwanzo wa Desemba. Nikalivisha gari lote.

Yusto alipoona akacheka sana, halafu akaacha kucheka. Kile cha dashibodi akakitoa pale pale, akanieleza kwamba puto linatokea hapo na mlango wake haufunikwi. Vya viti vya mbele navyo akavitoa, kwa upole, akavikunja vizuri. Akaona uso wangu. Cha kiti cha nyuma akaniachia, ila akanishika mkono akasema mama, vile vifungio vya mikanda vitoe juu, vionekane, mtu akikaa tu afunge. Nikamwambia nimesikia, mwanangu.

Sasa ujue jinsi kilivyokuwa. Katikati kina ua moja kubwa lenye majani kumi na mawili, na vifungio vimekaa hapo hapo kwenye ua. Nikivitoa, inabidi nikate. Nikasema tukishatoka Mwimbi nitakata, wacha kwanza dada Mariana na watu wake waone ua likiwa zima. Nikakishona kwa chini, nikakikaza kwa kamba pande zote kisije kikahama.

Tarehe ishirini Desemba asubuhi tukaondoka kuja kwako na Lydia, chuo kimefunga, amekuletea kitenge na dawa zako za mgongo. Alikuwa na furaha dada, nataka ujue hilo. Tangu alfajiri aliimba nyimbo za Noeli jikoni kwangu, akikosea maneno makusudi ili nicheke.

Yaliyotokea njiani kabla ya Matai uliyasikia msibani, lakini uliyasikia kutoka kwa Yusto, na Yusto hakuyasema yote. Ukungu ulikuwa mzito. Alikuwa amewasha taa, anakwenda taratibu mpaka mimi nikamwambia hata bibi harusi anatembea haraka kuliko hivyo. Lori likatokea mbele yetu, linalipita trekta, limechukua upande wetu wote. Kijana wangu hakupiga kelele. Alikanyaga breki, akalitoa gari kushoto, tukashuka mtaroni tukagonga ukingo wa udongo. Lile lori hatukuligusa hata rangi. Trafiki aliyekuja kupima alisema dereva mwingine pale angekufa na watu wake wote. Maputo yakatoka, mkanda ukaniumiza bega, ukaniacha hai. Yusto alichubuka mikono tu. Nyuma ndiko alikokuwa Lydia.

Msibani ulisimama ukamwambia Yusto aondoke, kwamba masomo yote ya Mbeya yameshindwa kumfikisha mtoto mmoja kwa mama yake. Mjomba Ignasi akamuuliza mbele ya watu kwa nini mtoto hakuwa na mkanda. Yusto akajibu kwamba dereva ndiye anayehesabu abiria wake, na yeye hakuhesabu vizuri. Akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, mkono umefungwa kwa kitenge, na watu wananipa pole. Nilizipokea.

Dada, yeye alihesabu.

Yusto hawashi gari bila kuuliza mikanda. Kila mtu anaitikia tayari, ni kama sala ya kwetu. Asubuhi ile aliuliza. Mimi nikaitikia. Lydia akainama akapapasa kiti, akasema mama mdogo, mbona kifungio sikioni? Yusto alikuwa anafunga buti, hakusikia. Nikageuka nikamwambia kwa Kifipa aache kuvuta, ataniharibia ua. Nikamwambia apitishe mkanda kifuani, ncha yake aishike mkononi hapo chini, Yusto akitazama kwenye kioo ataona umekaa. Alicheka, akasema mama mdogo na mambo yako. Akafanya nilivyomwambia, maana ulimlea akawa mtoto wa kutii. Yusto akaingia, akauliza tena, nyuma vipi? Na mimi, kabla mtoto hajafungua mdomo, nikajibu tayari, twende.

Akatazama kioo, akaona mkanda umepita kifuani kwa mdogo wake. Akaondoa gari.

Mwanao alikufa ameushika mkanda mkononi, dada. Mimi ndiye niliyemshikisha.

Yusto alijua siku alipokwenda kituoni kutoa vitu vyetu ndani ya gari. Alikata zile kamba, akakuta vifungio viwili chini ya ua, vipya kabisa. Alirudi nyumbani na kitambaa kimekunjwa, akakiweka mapajani kwangu, akaniuliza nimekunywa chai. Mpaka leo hajasema neno jingine juu yake. Kazi ameacha. Cheti alikishusha mwenyewe ukutani, sijui amekiweka wapi. Anakwenda sokoni kwa miguu. Akisikia honi anasimama.

Nimesikia kwamba tarehe mbili Februari mnaweka msalaba kaburini, na kwamba Yusto asikanyage. Dada, nimejisifu kwa huyu mtoto maisha yangu yote, mpaka mmechoka, na siku aliyostahili sifa kuliko zote, nilinyamaza akatukanwa. Mwite. Aje ashike msalaba wa mdogo wake. Mimi sitakuja mpaka utakaponiita, na usiponiita nitajua sababu.

Barua hii namkabidhi katekista Evaristi, anapita kwangu kesho akija huko. Usiisome peke yako. Naomba aisome yeye kwa sauti, siku hiyo hiyo ya msalaba, mbele ya mjomba Ignasi na wale wote waliokuwepo Yusto alipoinamisha kichwa. Asiruke mstari. Unajua napenda kusikika mbele za watu.

Ua nimelifumua lote. Uzi ninao kwenye kikapu, sijui mtu anaufanyia nini.

Wasalimie majirani wote, na mama mkwe wako mwambie namwombea miguu. Kitenge alichokununulia Lydia kilipona, hakina hata doa, nimekifunga pamoja na barua. Alisema kijani ndiyo rangi yako.

Mimi mdogo wako,
Lusia, Mama Yusto