Yabai Mezani kwa Mama

Chinatsu weee, nimekwisha!

Si unajua leo mchumba wangu Ryohei kaja kwetu kujitambulisha? Mama kaamka alfajiri kupika figili. Jamaa kaonja mara moja tu, kakodoa macho: "Yabai!"

YABAI! Mbele ya mama yangu!

Sisi vijana tukisema yabai ni "tamu balaa". Kwa mama na wazee wenzake ni hatari, balaa tupu. Kamnyang'anya bakuli: "Acha mwanangu, usije ukanifia hapa."

Nimeeleza mpaka jasho limenitoka. Baba anacheka tu, hana msaada wowote.

Mama kamega keki ya maharage aliyoleta Ryohei, katafuna taratiiibu huku kamkazia macho.

"Yabai."

Kainuka, kaenda jikoni.

Shoga, yabai ipi sasa?! Ryohei bado kakaa kwa magoti ya heshima hapa mezani, anaogopa kuuliza.