Goti la Mama Bosibori na Ndizi Zangu za Simu

Basi nikamwambia Kwamboka afungue hiyo simu tena, labda ni macho yangu. Akafungua. Ua ya shamba imesogea kweli. Ndizi zangu mistari miwili ziko upande wa Mama Bosibori, zimesimama huko kama zilizaliwa huko.

Leo ni Jumatatu, kuna ukungu na baridi, na mimi roho inaniuma. Anayeandika kwa blogu ni Kwamboka, mjukuu wangu, maana mimi shule niliiona nikipita na ng'ombe. Kwamboka, usirembeshe. Andika vile nasema.

Hilo shamba ni la mchezo wa simu. Watu wasicheke. Mwaka jana nilivunjika mguu nikiteremka na gunia ya majani chai, nikalala miezi. Jirani yangu Mama Bosibori akawa anakuja kila siku na uji, anakaa kwa kitanda, ananionyesha huo mchezo. Unapanda, unanyeshea, unafuga kuku. Shamba zetu zikapakana huko pia, kama hapa nyumbani. Nikampa ruhusa aingie kwangu aninyeshee nikichoka.

Na vidole vyangu vimekauka na kuchuna chai, simu haivisikii. Natumia kile kidogo cha mkono wa kushoto. Kila mgomba niliupanda na hicho kidole.

Mpaka yetu ya kweli, hii ya nyumbani, ni maua tu. Hakuna seng'enge. Tuliolewa hapa tukiwa wasichana. Wazee wetu walipigania mipaka na watu wote, hadi panga zikatoka, lakini sisi wawili hata neno hatujawahi kutupiana. Hiyo kitu nilikuwa najivunia nikienda mpaka Nyamira.

Jana nikamuuliza. Akasema, "Ai, Mama Nyanchama, mimi? Hiyo simu yako imezeeka kama wewe."

Mimi nikacheka. Nikacheka!

Kumbe mchezo huwa unaandika kila kitu. Kwamboka leo amefinya mahali, akasoma: ua imesogezwa na Mama Bosibori, Jumamosi, saa tano asubuhi.

Jumamosi saa tano.

Hiyo saa mimi nilikuwa kanisani, nimesimama mbele ya watu, naombea goti yake. Maana asubuhi alikuwa ameniambia, "Enda tu dada yangu, goti imekataa." Nikaombea hiyo goti mpaka machozi yakatoka, wamama wakasema amina. Na goti iko nyumbani imekalia kiti, inahamisha ndizi zangu. Siku ya Sabato!

Sasa wewe unayetengeneza hii michezo, sijui unakaa wapi, nisikilize. Weka sauti. Mchezo uniite jina, uniambie, "Mama, kuna mtu anagusa ua yako." Siyo kuandika kimya kimya mahali mtu kama mimi hawezi kusoma. Na ua isitoke mahali yake kama wenyewe wawili hawajakubali. Hata chifu huita pande zote mbili. Na Sabato mchezo ufunge. Kwamboka anasema kuna watu kanisa yao ni Jumapili. Sawa, basi utufungie sisi.

Halafu weka mahali pa kuomba msamaha. Kuna kitufe ya kutuma kuku, kuna ya kutuma maua. Ya kusema "nimekukosea" hakuna. Kwamboka ametafuta.

Ndizi za simu haziliwi, hiyo najua. Angesema anataka mistari miwili ningempa minne.

Lakini goti. Nilimlilia goti.

Na kuna kitu naona haya kusema. Kwamboka aliposoma hayo, niliacha chai kwa meza, nikaenda kwa yale maua ya kweli. Nikainama, nikatafuta kama kuna udongo umechimbwa. Nikaangalia shina moja moja mpaka chini kwa mto. Hakuna kitu imesogea. Udongo ni ule wa zamani, umeshikana.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuangalia.

Nikiinua kichwa, Mama Bosibori amesimama kwa mlango yake, ananitazama. Mimi nikajifanya naokota kuni.

Sasa nitamwambia nini? Nimuulize ya Jumamosi? Na yeye akiniuliza nilikuwa natafuta nini kwa maua?

Huyo, anaita. Unasikia?

"Mama Nyanchama! Wanunuzi wa ndizi wamefika soko ya Masimba! Njoo unitwike!"

Ni siku ya ndizi. Mimi humtwika mkungu, halafu ananitwika wangu, kila wiki hivyo. Mkungu mzima huwezi kujitwika peke yako.

Anakuja huku anachechemea. Kwamboka, tazama. Tazama vizuri. Jumamosi alishika goti ya kulia. Leo anachechemea na ya kushoto.

"Mama Nyanchama! Umelala?"

Weka simu chini. Hapana, usifute kitu, acha hivyo. Nipe ngata yangu ya kichwa.

Nakuja! Simama hapo hapo, usipande kilima na hiyo goti. Nakuja.