Bega la Mume Wangu Limevilia Damu

Dada mshauri, naomba unisaidie kabla sijafungasha virago, maana mwenzio nimefika mwisho. Mume wangu ni mwindaji wa kuajiriwa, kazi yake ni kupiga nguruwe pori wanaovamia mashamba, na kwa miaka kumi na mmoja bunduki yake ya kitako cha mbao haikumwachia hata mkwaruzo, lakini tangu ofisi iwape wawindaji wake bunduki mpya, nyepesi, zenye kitako cha plastiki, baba watoto anarudi na bega la kulia zambarau kama bilinganya, na nikimuuliza anasema, "Ni bunduki tu," nami nikamwambia, "Nyepesi kama ufagio, ikupige kuliko ile nzito?" akavaa shati akatoka. Basi nikaanza kuchunguza, nikanusa mashati, nikapekua mifuko, na Jumamosi nikamfuata hadi kibandani kwa fundi viatu, mwanamke mjane, nikachungulia kwenye upenyo wa mlango, na kwa macho yangu haya nikamwona mume wangu kavua shati, yule mama anampima bega kwa utepe, wanacheka! Siku tatu baadaye nikakuta mkobani mwake kitu cha ngozi kama soksi nene, kina mpira ndani na kamba za kufungia, nikajua ni zawadi, nikakificha kwenye ndoo ya unga, naye akakitafuta nyumba nzima bila kuthubutu kuniuliza, na mtu asiye na kosa si angeuliza? Jana karudi na jeraha juu ya jicho, limepinda kama mwezi mwandamo, nikasema moyoni, hapo kakutana na mwanamume mwingine wa yule mjane. Niondoke sasa, au nimfumanie kwanza?

Mimi Mke wa Mwindaji

Mke wa Mwindaji, pole. Hofu yako ni ya kweli hata kama ushahidi wako ni mbovu. Nilimpigia simu mzee mmoja aliyekuwa fundi bunduki, nikamsomea barua yako. Alicheka mpaka akakohoa, halafu nilipofika kwenye jeraha la jicho akaacha kucheka. "Mwambie huyo mama akirudishe kile kitu leo," akasema.

Sikiliza basi. Bunduki ikifyatuka hurudi nyuma, na ikiwa nyepesi teke lake huwa kali zaidi. Ile ya mbao ilikuwa ikilimeza teke hilo kwa uzito wake. Hii ya plastiki ina uwazi ndani ya kitako, kwa hiyo bega ndilo linalopokea kishindo chote. Hiyo "zawadi" yako huvalishwa kitakoni, mpira upunguze pigo. Alipimwa bega ili ikae sawasawa na mwili wake. Na jeraha? Hilo limetokana na ukingo wa darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki, uliomrudia usoni baada ya wewe kumnyima kinga yake. Umemuumiza wewe, bibie. Kidogo tu chini ya hapo, jicho lingekwenda.

Hata hivyo mimi nami nina shaka yangu. Mtu mzima anafichaje kinga? Mzee anasema wawindaji huona haya kukiri kwamba bunduki inawaumiza. Huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, wanakosa shabaha, kisha wanaogopa kuachishwa kazi. Huenda mumeo yuko hapo. Yule mjane simjui, sitakuapia juu yake, lakini kwa haya uliyoandika amemshonea mumeo kinga tu.

Mpe kile kitu mkononi, umwambie, "Nilikufuata, nikachungulia, nikaficha hiki." Usilie, usiongeze neno. Mwache akasirike, ana haki, kisha muulize kwa upole kama anakosa shabaha. Bunduki yenyewe usiiguse kabisa. Aipeleke kwa fundi wa ofisini afungiwe mpira wa kudumu kitakoni na kuongezewa uzito ndani ya ule uwazi, aulizie risasi zisizo kali sana, na akifyatua aibane begani barabara, jicho likae mbali na darubini.

Lakini kwanza zahanati. Jeraha lisafishwe, bega liangaliwe, na asishike bunduki mpaka daktari aseme sawa. Akikataa kwenda, kaa mlangoni asipite.