Kila Ubao na Mlima Wake

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini ningeanza bila salamu ungenirudisha mlangoni nianze upya.

Mwaka umepita tangu tukuzike, na lile neno uliloniambia nilipoacha karakana yako ya useremala na kuhamia ile ya Soni bado linaniuma: "Anayechora kwenye kioo ameuacha ufundi." Ukaondoka duniani umeninunia. Nimelia sana, Mjomba. Leo nakuandikia huku nacheka.

Ruksa hii ya serikali ya kuagiza bidhaa kutoka nje imeleta kila kitu mpaka huku kwetu milimani, na ndiyo bosi wangu alinunua ile kompyuta iliyokwisha tumika. Kazi yangu ya kwanza peke yangu, baada ya mwaka wa kujifunza, ilikuwa madawati ya shule. Miguu ikatwe Soni, meza zikatwe Lukozi, vyote vikutane shuleni siku ya kuunganisha. Mimi nichore kila kipande, kisha niviunganishe humo kwenye kioo. Kila kipande kina mishale mitatu ya kuiambia kompyuta wapi ni juu, wapi ni mbele, na vipimo vyake vinaanzia wapi. Nikaipanga yote kwa kufuata kona ya skrini. Kuunganisha tu, mguu ukaota katikati ya meza, unatazama mbinguni.

Nikaikumbuka ile fremu ya dirisha tuliyoitengeneza nilipokuwa mwanafunzi wako. Kwako hatukusema juu na chini, tulisema mlima na bonde. Nami nikaandika "mlima" kwenye kila mwimo, zile mbao za pembeni, kwa kuchungulia mlima nje ya mlango wako, hata ile niliyokuwa nimeilaza kichwa chini. Tulipofika Mombo kuipachika, kwenye tambarare, hakuna ubao ulioingia kwa mwenzake. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mlima ule hauji Mombo, mwanangu. Kila ubao uwe na mlima wake, uuandike pale unapoungana na mwenzake."

Basi nikafuta yote. Mishale ya mguu nikaiweka kwenye ulimi wake unaochomekwa, ya meza kwenye tundu linaloupokea, juu kwa juu. Mguu ukaenda mahali pake kama umeitwa.

Jumamosi vipande vikakutana shuleni, havijawahi kuonana. Dawati la kwanza liliungana kwa mapigo mawili tu ya nyundo. Bosi akaniuliza nimesomea wapi. Nikamjibu, kwa Mjomba.

Nakuahidi, yeyote nitakayemfundisha kompyuta hii ataanza kwa kupiga randa, na akinung'unika nitamwambia ni amri yako. Mungu akupanulie kaburi. Lala, Mjomba, na usininunie tena. Ufundi wako sikuuacha; niliondoka nao.

Mpwa wako,
Zuhura