Mate ya Wakesho na Maji Mazito

Alhamisi. Tangu saa mbili asubuhi mabati yanalia ta, ta kwa jua. Voi haina huruma.

Leo ni siku ya kumi na nne, ya mwisho. Wiki mbili zilizopita, kliniki, nilipewa kikopo nikanywa kwa mrija. Maji mazito, wanayaita. Watafiti wanataka kujua watoto wetu wananyonya maziwa kiasi gani. Nilikubali haraka, maana hata mimi nataka kujua. Wakesho wangu ana miezi mitatu na bado ni mwembamba. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi.

Nilidhani yatakuwa mazito kama uji. Wapi! Ni maji tu. Dada wa maabara aliniambia kwa macho huwezi kuyatofautisha na ya mfereji, lakini barafu yake ukiitia kwa glasi ya maji, inazama. Barafu kuzama! Nilifua nepi siku nzima nikiiwaza.

Basi nikiyanywa, yanaingia kwa maziwa, mtoto ananyonya. Wanaweka pamba mdomoni mwangu na mwake, mate yanapelekwa kwa mashine. Mashine inajua amenyonya kiasi gani. Tena inajua kama amekunywa maji mengine.

Hapo ndipo penye hofu yangu.

Jumamosi Wakesho alilia mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe, aliyeshuka juzijuzi kutoka baridi ya Mwanda milimani, akaniangalia. "Mama Wakesho, huyo si mbuzi wa Ndara avumilie kiu. Mpe maji."

Nikampa. Vijiko vitatu, na kila siku tangu hapo. Siwezi kumsingizia mama mkwe. Kijiko nilishika mimi.

Jana kliniki, dada wa maabara aliponiuliza kama mtoto amepata kitu kingine, nikasema la. Niliogopa kuonekana mama asiyetosha.

Leo, kabla ya pamba, nikasema, "Dada, jana nilikudanganya."

Akacheka, akachukua kalamu. "Mama Wakesho, hata ungenyamaza, mate yangesema. Vijiko vingapi? Tuandike, ndio tujue tunasoma nini." Halafu akaniambia kwa upole kwamba maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji, na jua likizidi, nimnyonyeshe mara nyingi zaidi. Majibu yatachukua wiki kadhaa.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni. "Haya, hayo maji yenu yamesema nini?"

"Bado, mama. Lakini vijiko tuviache kwanza."

Akaguna. Akanipisha nipite.

Sasa Wakesho ananyonya. Nimeinamisha sikio: anameza, anapumua, anameza. Nimehesabu hadi thelathini na moja nikapotea. Sijui kama inatosha. Je, majibu yakisema haitoshi? Nitauliza, basi nifanye nini, na sitadanganya tena.

Ameachia titi mwenyewe. Amelala, mdomo wazi, tone moja kwenye kidevu.