Wimbo Uliotupigia Wawili

Achol,

Ejok. Najua huwezi kunijibu, lakini mimi nimelelewa Lodwar, na kwetu mtu husalimiwa kwanza hata kama umekuja kumgombeza. Sasa nimeshakusalimu. Wewe mwanamke, ulinifanyia nini?

Ngoja nikupe habari za huku kwanza, usije ukasema sina adabu. Mvua ilinyesha Kakuma muda mfupi baada ya kukuzika, laga, ule mto mkavu, ikajaa, barabara ikakatika, malori yakalala upande ule. Ndugu yako Deng amehamia nyumbani kwako. Mlango ameupaka rangi ya buluu, ungeuchukia. Rababa yako, kile chombo chako cha nyuzi, anayo yeye. Alibadilisha uzi mmoja uliokuwa umelegea, nikamwambia zile nyingine asiziguse, akanicheka. Meza yangu ya vitenge bado ipo pale pale sokoni Lodwar, na kile kiti cha plastiki ulichokuwa ukikalia bado nakiweka pembeni. Mteja akitaka kukikalia namwambia kimevunjika.

Tangu uondoke nimeandika hadithi moja tu, na ni mbaya.

Bwana Ekal wa maktaba bado anatuandalia zile jioni za hadithi na muziki. Mwaka huu moja aliileta Kakuma, kwa ajili yako. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Hapana, nisikudanganye. Yalianza siku ya matanga yako.

Unakumbuka tulivyokutana. Utaratibu wa Ekal ni kwamba mwandishi hapangiwi mwanamuziki. Unasimama mbele ya watu, unasoma sentensi yako ya kwanza, unanyamaza. Wanamuziki wamekaa nyuma yako na vyombo vyao, na yule aliyeguswa anaanza kupiga. Asipopiga mtu, utasoma peke yako kama taarifa ya habari. Mimi nilisoma sentensi yangu kuhusu mjane wa Kalemng'orok aliyekataa kuhama, nikanyamaza. Mpiga gitaa wa kanisani akatazama dari. Yule wa ngoma akakohoa. Kisha nikasikia nyuzi zinalia kutoka nyuma kabisa. Nikageuka, na nani huyo, mwanamke mrefu wa Kidinka, amekumbatia rababa iliyotengenezwa kwa debe la mafuta ya kupikia na waya za breki ya pikipiki, chombo ambacho watu walisema ni cha wanaume, wala hanitazami. Ulipiga hadi mwisho. Nilipokuja kukushukuru ukaniambia, "Wewe sema, mimi piga. Khalas."

Mume wangu alinichagua baada ya wazee wake kuulizia nyumba tatu. Wewe ulinichagua kwa sentensi moja.

Baadaye ukanieleza kwamba ule ni wimbo wa ng'ombe wa baba yako, yule dume mweupe mwenye baka jeusi kwenye jicho, mliyemwacha upande wa pili wa mpaka siku mlipokimbia. Mimi ni Mturkana. Sihitaji kuelezwa mtu na wimbo wa ng'ombe wake ni nini. Babu yangu aliitwa kwa jina la dume lake mpaka watoto wake wakasahau kwamba alikuwa na jina jingine. Kwa hiyo siku ile ulipokaa kwenye kiti changu, unakula samaki mkavu niliyekuagizia kutoka Kalokol, ukasema wimbo huo humpigii kila mtu, mimi nilitembea mjini wiki nzima na kiburi cha bibi harusi.

Na haikuwa kunipigia tu. Uliniitikia. Hadithi haitembei bila mtu wa kuiitikia, hilo kila mtoto wa huku analijua, lakini watu wa ukumbini siku hizi wamezoea simu, wanakukodolea macho tu. Wewe ulipiga na kuitikia kwa wakati mmoja, kwa ile sauti yako nzito: "Eeh, kisha?" Nikisahau maneno, uliuzungusha wimbo taratibu, ukauliza tena, hadi nikakumbuka. Mwishowe nikawa naandika hadithi zangu huku nikiacha nafasi za sauti yako ndani.

Ulipougua uliniambia ni homa tu. Homa tu, Achol. Deng aliponipigia simu nilikuwa nampimia mteja kitambaa, nikaendelea kupima, nikapima, nikapima, nikamkatia kitambaa cha kushonea familia nzima.

Basi fikiria nafika kwako kambini, nimetoka Lodwar alfajiri, macho yamevimba, nakuta kuna mwanamke kwenye mkeka, kando ya jeneza, mahali pangu. Mkongomani. Amefunga kitenge kizuri kuliko chochote ninachouza. Analia, na wanawake wenzake wamemshika mabega. Nikauliza huyu ni nani. Wakanijibu ni Furaha, mtunzi wa hadithi hapa kambini, Achol ndiye aliyekuwa akimpigia. Nikauliza, akimpigia nini? Wakasema, si ule wimbo wa ng'ombe wa baba yake.

Nililia sana siku ile, na watu wakasema huyu alimpenda marehemu. Nusu ya machozi yale yalikuwa ya hasira. Umelala pale huwezi hata kujitetea, nami nina maswali. Lini? Jumamosi unakuja kwangu, Jumapili unampigia yeye? Na yeye naye alikusomea sentensi moja ukaguswa? Na samaki wangu, ulimwonjesha?

Nikaenda kwa mama yangu, kule Kalemng'orok, kutafuta wa kunihurumia. Mama alinisikiliza huku anasuka kikapu chake cha majani ya mkoma, hata hakuinua kichwa. Akaniuliza kama huyo rafiki yangu alikuwa mtu wa mifugo. Nikasema ndiyo, kwao walikuwa na ng'ombe wengi kabla ya vita. Akasema basi nashangaa nini. Mtu aliyewahi kuvamiwa haachi mbuzi wake wote kwa rafiki mmoja. Huyu anampa wawili, yule anampa watatu, ili wezi wakija huku, au ukame ukipiga kule, wabaki wa kuanzia. Na hao marafiki hawaulizani nani anapendwa zaidi, wanachunga. Nikamwambia mama, wimbo si mbuzi. Mama akasema, "Kweli. Mbuzi hana kelele kama wewe."

Niliondoka bila kumaliza chai.

Sasa ile jioni. Ekal alipanga Furaha atangulie, mimi nifuate, na Deng atupigie wote wawili wimbo ule ule, kwa kuwa ilikuwa jioni yako na mambo ya kuchaguliwa yamewekwa kando. Nikampigia Ekal simu. Nikamwambia wimbo huo una mwenyewe, achague mmoja wetu, na akimpa Furaha mimi siji, tena nisihesabiwe tena kwenye jioni zake. Akaniambia mambo mengi kwa Kiingereza chake cha ofisini, kisha akachoka, akasema kwa Kiswahili, "Mama, wewe njoo tu." Nikaenda. Nilienda nimwone Furaha akishindwa. Unanijua.

Ungependa ukumbi ulivyokuwa. Jua limeshuka, mabati yamepoa, watu wamekuja na viti vyao kichwani. Mama wa Kisomali anauza chai na sambusa mlangoni. Majirani zako wote wapo, na vijana wanapiga Sheng yao huko nyuma hadi wakanyamazishwa. Nikakaa mbele kabisa, nisipitwe na kosa lolote.

Furaha akasimama, akasoma sentensi yake, Deng akapiga. Achol, alikuwa mzuri. Nimejaribu kuyaandika maneno hayo mawili kwa namna nyingine, yamekataa. Hadithi yake ni ya mwanamke aliyekimbia vita akiwa na cherehani kichwani. Kila mpaka anaovuka wanamwambia aiteremshe, naye anakataa. Watu walicheka, wakaguna, wakacheka tena. Na wimbo wako ulimkaa kama nguo aliyoshonewa.

Kisha akafika mahali, akanyamaza.

Deng aliendelea kupiga. Watu wakadhani ndivyo hadithi ilivyo. Mimi nilijua palepale, kwa sababu hadithi zangu nazo zina mashimo hayohayo. Alikuwa anakusubiri umwitikie. Deng ni mpigaji hodari, lakini anapiga amefunga mdomo. Furaha alikuachia nafasi ndani ya hadithi yake, kama mimi, na sasa ameifikia nafasi yenyewe na haina mtu.

Nilifurahi. Nakuambia wewe kwa kuwa huwezi kumwambia mtu. Nikasema moyoni, haya, na wewe onja. Wimbo ukazunguka, ukazunguka tena. Akaweka mkono kifuani. Watoto wakaanza kusogeza viti. Ndipo nikamwona Ekal anasogelea kipaza sauti, anavuta pumzi, nikajua anataka kumwitikia yeye. Ekal! Yule uliyesema sauti yake ni ya mbuzi mwenye mafua. Asimame mahali pako wewe?

"Eeh, kisha?" nikasema, kwa nguvu, kutoka kitini.

Usinisifu, haikuwa huruma. Sikutaka tu mtu yeyote aingie mahali pako. Furaha akageuka, akaniona, akaendelea. Nikaitikia tena mbele kidogo, na tena, hadi ile cherehani ikateremshwa Kakuma ikaanza kushona. Zamu yangu ilipofika, hakwenda kukaa. Alisimama kando ya Deng, akaniitikia mimi. Anaitikia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Ee, na kisha?", na ile "na" haihitajiki kabisa, lakini hakukosa nafasi hata moja. Hadithi yangu ya mjane hakuwahi kuisikia, na bado alijua ungeingilia wapi. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Baadaye tulijikuta wawili pale kwa mama wa chai, hakuna pa kukimbilia. Yeye ndiye aliyeanza. "Dada," akasema, "Achol alikuwa ananisemea juu yako kila siku. Akiru hivi, Akiru vile. Mimi njo mwenye nilikuwa na wivu."

Nilifurahi mno, nikamnunulia sambusa.

Tukakaa. Akaniambia ulikuwa ukimletea samaki mkavu, ukimwambia anatoka kwa dada yako wa Lodwar. Nikameza hasira pamoja na chai. Kisha, huku anapangusa vidole, akaniambia kwamba jina lake limetoka. Anahamishiwa Kanada, yeye na watoto wake. Siku kamili hajaambiwa, ila si mbali. Mizigo imeshaanza kupimwa. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama kikombe, nami nikasema hongera, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Nimerudi Lodwar na habari hiyo, sijui niiweke wapi. Nilitaka aondoke, Achol. Tangu matanga yako nilikuwa nikimwomba Mungu aniondolee yule mwanamke mbele ya macho. Mungu amesikia. Na sasa nakaa hapa na vitenge vyangu, nahesabu nani mwingine duniani anayejua ulikuwa unaingilia wapi katika hadithi, na jibu ni yeye, na anakwenda kwenye theluji.

Nimekasirika bado. Usidhani nimekusamehe. Ungeniambia tu, siku moja, ukiwa unakula: Akiru, kuna mwingine. Ningenuna, ningekunyima chai, tungekuwa tumegombana tukiwa hai wote wawili. Nilihitaji ugomvi huo.

Lakini nakuahidi hili. Kila Jumamosi iliyobaki nitapanda gari kwenda Kakuma. Nitajifunza hadithi ya cherehani, yote, na mashimo yake mahali pake, nami nitamfundisha ile ya mjane wangu, aende nayo huko aendako. Deng atatupigia. Tutagombana, maana anapika chai bila tangawizi na haambiliki.

Na siku ya safari nitamsindikiza. Nitasimama pale kwenye basi na kumwonea wivu hadi mlango ufungwe.

Baada ya hapo, rafiki yangu, sitakuwa na mtu wa kumwonea wivu juu yako. Lala salama.

Akiru wako