Korona za Popo, Ng'ombe za Baba

Jumapili, jioni. Nimesharudi mjini; hapa Kijenge kuna manyunyu, Mlima Meru umejifunika mawingu, nami namwaza Baba.

Acha nikiri. Wiki mbili zilizopita nilikwenda nyumbani, magharibi ya mlima, nikajisifu. Nafanya kazi maabara, tunachunguza vinasaba vya virusi kutoka kinyesi cha popo wa porini, na hata wale wa ghala letu la mahindi nyumbani wamo. "Baba, tumekuta korona za aina nyingi!" Nikamaliza chai, nikarudi mjini.

Baba ni mzee wa kanisa. Jumapili iliyopita, kati ya tangazo la ndoa na la mnada wa mazao, akawatangazia washarika: popo wana korona.

Jana nilipofika, majirani walikuwa wamerundika majani na pilipili kavu kando ya ghala, tayari kuwafukiza popo wote. Nilimwinamishia Baba kichwa kumsalimu, akanigusa utosini, kisha akauliza mbona nina sura ya msiba.

Nilikuja nimekasirika kwa tangazo lile. Kwa mkono ule kichwani, hasira ikaniisha.

Nilimwomba anitajie ng'ombe zake kwa rangi. Alizitaja zote kwa lugha yetu, kila baka na jina lake, akifurahi kama mtoto. Nikamwambia virusi navyo ni hivyo: ukoo mmoja, sura nyingi, na katika tulivyovikuta hakuna dalili kwamba hata kimoja kimewahi kumwambukiza mtu. Lakini tukiwafukiza popo, wataanguka, na watoto watawaokota kwa mikono. Hapo ndipo tutajitafutia balaa.

"Sasa mama," Baba akaniuliza, "mbona siku ile hukuyasema haya?"

Akawatuma majirani wakayatoe majani.

Leo kanisani amesimama tena. "Niliwatangazia jambo nusu. Nimekosea. Popo tuwaache, na ghala tusilifagie bila kuziba pua." Watu wakacheka kidogo. Mama, aliyeishi naye miaka yote hii, amenigeukia akiwa ametoa macho: hajawahi kumsikia akisema amekosea.

Nampenda sana mzee huyu.

Na mimi nilikuwa benchi la tatu, naangalia viatu vyangu. Nusu ile niliisema mimi, na nimemwacha aibebe aibu peke yake mbele ya watu wote. Jumapili ijayo nitaomba nisimame kwenye matangazo, niseme binti yake ndiye aliyekosea.